UZI: Nimenunua nyumba ya zamani Jinja, yaliyonikuta kabla ya kushika ufunguo

Mtoto wa Walukuba

Habari zenu wakuu. Tangu Jinja ipandishwe hadhi kuwa jiji Julai 2020, kila wiki kuna mtu anauliza humu: ninunue Jinja au nisinunue? Nimejibu kwa vipande vipande mpaka nimechoka, leo naandika yote mahali pamoja. Ni ndefu, vumilieni.

Nimezaliwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi hapa Jinja. Baba alikuwa fundi wa kufuma nguo Nyanza Textile, kile kiwanda cha Njeru, ng'ambo ya Nile, ambacho kila mtu alikiita Nytil. Alfajiri alikuwa anavuka juu ya bwawa la Owen Falls kwa baiskeli, yeye na wenzake, taa za dainamo zikipepesa kama vimulimuli. Majirani zetu walikuwa Waluo, Wasamia, Wagisu, Waacholi, Walugbara, na Wasoga wenyewe. Kiswahili changu sikukipata darasani. Nilikipata bombani, tukipanga foleni ya maji. Anayesema Uganda hakuna Kiswahili hajalala Walukuba.

Kwa wasioujua mji huu: malkia wa Uingereza alifungua bwawa lile Aprili 1954, na umeme ndio uliovuta viwanda. Nguo, bia, sigara, vyuma. Shaba ya Kilembe ilikuja kwa treni kutoka Kasese, umbali wa nchi nzima, kuyeyushwa hapa. Upande wa mashariki kulikuwa na sukari ya Kakira, ambayo bado ipo na bado mvuke wake unauona ukiwa njiani kwenda Iganga. Mji ulipangwa kwa watu waliotarajia makubwa: barabara pana, miti pande zote mbili, maduka ya Wahindi yenye ghorofa moja juu na baraza mbele, viwanja ambavyo ukiwa Kampala ungejenga nyumba nne ndani yake.

Kisha ikaja 1972, Amin akawafukuza Waasia, na baada yake magendo, vita, viwanda kufungwa kimoja baada ya kingine. Watu wakaondoka, barabara zikabaki pana. Hicho ndicho kinachowavuta wengi wetu leo, na mimi kimenivuta pia. Kilomita 80 tu kutoka Kampala unapata nyumba yenye dari refu na mwembe uani, na usiku unasikia vyura.

Sasa nifike kwenye kununua.

Nilirudi kutoka Kampala nikapanga chumba na sebule Mpumudde. Nilikusudia kukaa miezi mitatu nikitafuta, nikakaa mwaka na zaidi. Mwezi wa tano hivi dalali mmoja alinipeleka kwenye nyumba nzuri sana karibu na Main Street. Akanionyesha nakala ya hati, na karatasi ya uwakala iliyosainiwa na mwenye nyumba aliyeko Uingereza, na stempu ya wakili. Bei ilikuwa chini ya nyingine. Akasema kuna mnunuzi wa Kampala anakuja Jumatatu. Nilimpa milioni tatu za kushikilia nyumba.

Nililipa kwanza, nikapekua baadaye. Kosa langu ni hilo, na nalisema wazi ili mwingine asilirudie. Nilipokwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, hati ilikuwa ya kweli kabisa. Jina lilikuwa sawa. Ila mwenye jina lile alikuwa amefariki miaka mingi kabla ya tarehe iliyo kwenye ile karatasi ya uwakala. Maiti hana wakala. Uwakala hufa na aliyeutoa. Baada ya hapo mwenye kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, basi. Dalali simu yake haikuita tena. Milioni tatu zikaenda.

Baada ya pale nilikwenda kwa wakili, mama mmoja mtaratibu, akanikalisha akachora mstari kwenye karatasi. Akasema nyumba ya mjini Jinja iliyojengwa kabla ya 1972 usiiulize bei, iulize safari yake. Nani alipewa lizi ya kwanza, yaani haki ya kukodi ardhi kwa miaka maalumu, na ya miaka mingapi. 1972 alikuwa nani. Ilipochukuliwa iliingia kwenye Bodi ya Msimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka au haikuingia. Sheria ya mali zilizotaifishwa ya 1982 ilifuta mauzo na ugawaji wote wa wakati wa Amin, mali zikarudi mikononi mwa serikali, na mwenyewe akatakiwa kuomba kurudishiwa. Je, aliomba? Alipewa cheti cha kurudishiwa? Cheti kina jina la nani? Na kutoka kwenye cheti hicho mpaka kwa anayekuuzia leo, kila mkono uliopokea uko kwenye daftari la ardhi?

Ukikosa kiungo kimoja, simama hapo hapo. Usiseme "tutakitafuta baadaye".

Nyumba niliyonunua mwishowe haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Ina duka chini na vyumba juu, na kwenye kilele mbele kuna maua ya saruji na mwaka 1937. Milango ya duka ni ile ya mbao ya kukunja, vipande sita, na kila kipande kina namba ya Kirumi iliyochongwa kwa patasi ili anayefungua asubuhi ajue kipi kinaanza. Namba ya nne haipo, mtu aliziba kwa bati. Ngazi ya ndani imelika katikati kwa nyayo. Mara ya kwanza kupanda niliweka mguu palipolika, nikajikuta nimesimama kimya muda mrefu, nikiwaza ni wangapi wamekanyaga hapo, na wangapi waliishuka mara ya mwisho bila kujua kama watarudi.

Hapo nilijua naitaka. Lakini sikutoa hata shilingi mpaka mama wakili aliposema mstari umekamilika.

Ulizeni, nitajibu.

---

Msafiri wa Kisumu

Asante sana ndugu, umenifungua macho. Mimi ni Mkenya, nafanya biashara ya samaki na Jinja naijua kwa njia ya Busia. Nataka nyumba ya kustaafia. Je, mimi naweza kununua kama wewe?

---

Mtoto wa Walukuba

Karibu ndugu. Unaweza, ila kwa lizi tu. Katiba na Sheria ya Ardhi ya 1998 hazimruhusu asiye raia kumiliki milki huru wala mailo, ile milki ya kudumu ya Buganda. Lizi mwisho miaka 99. Kwa bahati mjini Jinja penyewe nyumba nyingi za zamani ni lizi tangu mwanzo, kwa hiyo wewe na mimi tunasimama karibu mahali pamoja. Cha kukagua ni miaka iliyobaki. Lizi nyingi hapa zilikuwa za miaka 49 au 99. Mtu anakuuzia nyumba ya 1937, wewe unaona kuta, kumbe unanunua miaka michache iliyobaki na matumaini ya kuongezewa. Uliza kwanza bodi ya ardhi kama wataongeza, na upate jibu kwa maandishi.

---

Dada wa Njeru

Kaka yangu, umesahau kutuambia sisi wa ng'ambo. Watu wengi wakisema "nimenunua Jinja" wamenunua Njeru. Ukivuka Nile uko Buganda, wilaya ya Buikwe, na sheria ya ardhi inabadilika chini ya miguu yako. Huku ni mailo. Mwenye hati ni mmoja, anayeishi juu ya ardhi ni mwingine mwenye kibanja, na wote wawili wana haki.

Mimi nilinunua kibanja mwaka 2016. Niliambiwa na muuzaji "hati si muhimu, majirani wote wanakujua". Majirani walinijua kweli, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alisaini, mashahidi walikuwepo, tukala soda. Mwenye mailo hakuambiwa. Miaka miwili baadaye mjukuu wake alikuja na mpimaji, vigingi vikaanza kuingia kwenye mihogo yangu. Tulikaa chini mara nne. Mwishowe nililipa tena, kiasi ambacho nusu yake kingetosha kama ningeanza kwake. Sheria inataka mwenye kibanja anayeuza ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na mnunuzi apate idhini yake. Kumnyang'anya mtu kibanja bila amri ya mahakama hawawezi, hilo linatulinda. Lakini kulindwa na kulala usingizi ni vitu viwili.

Na kitu cha pili, kwa wanaume hasa. Kama mnanunua nyumba ambayo familia inaishi, mwulizeni mke wa muuzaji mbele yenu. Asaini. Sheria inadai idhini ya mwenzi wa ndoa kwa ardhi ya familia, na mauzo bila hiyo yanaweza kubatilishwa. Nimeshuhudia mama mmoja hapa mtaani akitoka jikoni na unga mikononi, akawakuta watu wanapima ua wake. Hakuwa ameambiwa neno.

---

Mkazi wa Bugembe

Kwa heshima, mimi sikubaliani na huu upenzi wa nyumba kuukuu. Kwa hela ya kukarabati duka la 1937 unapata kiwanja Bugembe au Mafubira, unajenga nyumba yako mpya, hakuna Bodi, hakuna Mhindi wa London, hakuna ngazi iliyolika. Siku hizi tuko ndani ya jiji pia, wapigakura wa Jinja Kaskazini. Mji unakua kuelekea kwetu. Huko katikati saa mbili usiku hakuna mtu.

---

Mtoto wa Walukuba

Mkazi wa Bugembe, una haki kwa sehemu kubwa. Mwenye watoto wadogo na hela ya kupimwa, kiwanja Mafubira ni salama zaidi. Lakini usidhani huko hakuna historia. Ardhi nyingi ya huko ni ya kimila, ya ukoo, haina hati kabisa. Anayekuuzia anaweza kuwa na kaka watano wasiojua. Kaa na ukoo mzima, wazee, andikeni, pigeni picha. Na mjini katikati kuna bomba la maji taka la tangu zamani. Nje ni mashimo. Pale ambapo mvua ikinyesha shimo la jirani linajaa kisimani kwako, hiyo nayo ni gharama.

---

Fundi Mvule

Mimi ni fundi ujenzi, miaka ishirini na mbili, nusu yake kwenye hizi nyumba. Naomba nizungumze kuhusu kuta maana watu wanaziua.

Nyumba hizo za kabla ya 1950 kuta zake ni matofali ya kuchoma, nene, na plasta ya chokaa. Chokaa inapumua. Maji yakipanda kutoka chini yanatoka nje yenyewe. Mtu akinunua anaona plasta inamenyeka, anaita kijana, kijana anapaka saruji kali na juu yake rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza inang'aa. Mwaka wa pili maji yamefungiwa ndani, tofali linaoza, na chumba kinanuka kama kaburi. Ng'oa saruji, rudisha chokaa, subiri ikauke. Ndiyo, inachukua muda.

Mbao: panda darini na kisu. Nyingi ni mvule, na Busoga ilikuwa nyumba ya mvule. Mvule wa kweli mchwa haumwezi. Ukichoma kisu kinakwama. Kama kinaingia laini, kuna mtu alibadilisha kwa mbao za bei rahisi miaka ya 1980, na paa zima litakuja siku moja. Usiuze mvule wako kwa anayekuja kukuambia "nitakupa mbao mpya bure". Huyo anakuibia.

Nyumba za miaka ya 1950 za wafanyakazi, angalieni paa. Kama ni shiti za asbesto za kijivu, msizivunje kwa nyundo wala kuzikata kwa msumeno. Vumbi lake ndilo sumu. Mlango wa namba nne naweza kukutengenezea, kaka. Nina mvule wa zamani, nilitoa kwenye ghala lililobomolewa.

---

Msafiri wa Kisumu

Na nikitaka kando ya ziwa? Nimeona viwanja upande wa Masese, bei nzuri, unafungua mlango unaona maji.

---

Dada wa Njeru

Ndugu wa Kisumu, wewe mtu wa ziwa utanielewa. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita ile alama ya 1964 ambayo wazee walikuwa wakituhadithia. Vyumba vilivyokuwa na maua dirishani vilikuwa na samaki ndani. Kanuni za mazingira zinaweka mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na mita 100 kutoka Nile, kuwa eneo la hifadhi. Anayekuuzia mlango wa kufungua na kuona maji, mwulize umbali. Beba kamba upime mwenyewe.

---

Mzee wa Reli

Wanangu, nimesoma yote. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema.

Nilianza kazi ya reli kijana. Reli ya kwanza hapa iliungana na Namasagali mwaka 1912, ya kubeba pamba kupitia Ziwa Kyoga, na daraja la treni juu ya Nile likaja 1931. Mji huu ni wa pamba na reli kabla haujawa wa umeme. Hilo vijana mnalisahau.

Agosti 1972 Amin alipotoa siku tisini nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nabeba mizigo stesheni. Kuna familia moja iliyokuwa na duka la vitambaa, sitawataja. Asubuhi ya kuondoka mama yao alifagia baraza. Teksi inasubiri, masanduku yamefungwa, yeye anafagia, na kuchota takataka, na kuziweka kwenye pipa. Kisha akafunga milango, vipande vyote, akampa ufunguo askari aliyekuwa amesimama hapo. Sijaona tena mtu akifagia vile.

Waliopewa maduka tuliwaita mafuta mingi. Baadhi walikuwa watu wazuri walioshindwa tu. Hakuna aliyewafundisha kuagiza mali. Waliuza kilichokuwemo, kikaisha, wakafunga. Halafu wakaja wapangaji wa Bodi, na wapangaji wa wapangaji. Ndani ya nyumba moja unaweza kukuta mama mjane aliyelipa kodi kwa Bodi miaka ishirini, akiwa na risiti zote kwenye kopo la biskuti. Alipotokea mwenye cheti miaka ya 1990, mama huyu alikwenda wapi? Wengine walinunua, wengine walilipwa kidogo wakahama, wengine walifukuzwa. Kwa hiyo mtoto wa Walukuba, ulipochora mstari wako wa karatasi, uliwauliza pia walioishi humo?

---

Mtoto wa Walukuba

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenishika.

Ukweli ni kwamba karatasi ilinionyesha wamiliki, haikunionyesha wakaaji. Niliwauliza majirani, nikaambiwa chumba cha nyuma alikaa mama muuza chapati mpaka 2009. Aliondoka kabla ya aliyeniuzia kununua. Nimemtafuta. Yuko Walukuba, mtaa ule ule wa baba yangu, nyumba ya pili kutoka bombani. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kuwa atadai kitu. Hakudai. Aliuliza kama mpapai uani bado unazaa. Nikamwambia umezeeka lakini bado. Alinieleza pia kuwa mvua ya masika huingia kwa pembe ya mashariki, juu ya ngazi, na kwamba walikuwa wakiweka sufuria hapo. Mkaguzi niliyemlipa hakuona hilo.

Msafiri, hilo ongeza kwenye orodha yako: mtafute aliyeishi humo kabla, hata kama hana karatasi. Na kabla ya kulipa, hakikisha mita ya umeme na ya maji haina deni la mpangaji aliyepita, hilo lilinigharimu wiki mbili gizani. Ushuru wa stempu wakati wa kuhamisha ni asilimia moja na nusu ya thamani, na thamani huwekwa na mthamini wa serikali, si bei mliyoandikiana nyie wawili. Mkiandika bei ya uongo mnajichelewesha.

---

Msafiri wa Kisumu

Nimeandika yote kwenye daftari. Nakuja Jumamosi kupitia Busia. Wakili yule mama anapokea watu wa nje?

---

Mtoto wa Walukuba

Anapokea. Nitakutumia namba yake kwa ujumbe wa faragha. Njoo na kitambulisho chako na namba ya ploti, usije na hela.

---

Fundi Mvule

Jumamosi nitakuwa pale kwa kaka kupima mlango wa nne. Msafiri, ukifika mapema nikupandishe darini uone mvule ulivyo.

---

Mzee wa Reli

Mjukuu ananiambia nyumba yenye 1937 iko upande gani wa barabara. Kama ni ile ninayoifikiria, yenye maua ya saruji yenye petali tano, baraza lake ndilo nililoliona likifagiwa. Nitakuja Jumamosi nami. Nitapanda polepole.